Dirisha Dogo la Utamani

Subilaga Mwakyoma alikuwa mwanamke wa Mwakaleli, kule milimani ambako mvua ni kama mtu wa nyumbani, na mumewe aliondoka katikati ya msimu. Mume akiondoka kwenda kutafuta kazi baada ya mavuno, majirani wanajua la kusema. Huyu wa Subilaga aliondoka ligi ikiwa imefika nusu, timu yake ikiwa nafasi ya nne, na majirani wakabaki kumtazama tu.

Ambakisye alikuwa winga wa kushoto. Akiushika mpira pembeni, watu waliokuwa wakila miwa waliacha kutafuna. Mwaka huo dirisha dogo likafunguliwa, yaani ule muda mfupi katikati ya msimu ambao vilabu huruhusiwa kununua wachezaji na kuwaacha wengine, na wakaja wajumbe kutoka nchi inayoitwa Utamani. Walileta mkataba na shada la maua. Ambakisye akaondoka na viatu vyake vya mpira mkononi, akiahidi kwamba ligi ikiisha atarudi. Tumbo la Subilaga ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kuonekana.

Mwanzoni alipiga simu, na nyuma ya sauti yake zilisikika ngoma. Baadaye ngoma zikanyamaza. Kisha maneno yakawa machache, kisha simu yenyewe haikulia tena. Mtoto akazaliwa wa kike, akaitwa Tusekile, maana yake tumefurahi, ingawa mama yake alilitamka jina hilo huku akifuta machozi. Akaota meno, akasimama dede, akaanza kukimbia. Kila asubuhi Subilaga alimwambia, "Baba yako anakuja." Akamweleza alivyo mrefu, anavyocheka kwa kurusha kichwa nyuma, anavyowapita watu wanne kama anapita kati ya migomba. Usiku alilala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili akiuacha umetandikwa vizuri.

Msimu wa tatu ulipoingia bila neno lolote, aliweka chini mwiko aliokuwa akisongea ugali akamwambia mama mkwe wake, "Mama, naenda kumchukua."

Mama mkwe hakuuliza ni nani. "Nenda, mwanangu. Mtoto niachie."

Njia aliyopita haina habari. Kilichomkaa kichwani ni lango. Juu ya lango la Utamani pameandikwa kwa herufi kubwa KIPYA KINYEMI, na ukitazama vizuri utaona kwamba methali ilikuwa ndefu zaidi. Maneno ya mwisho, yale yasemayo "kingawa kidonda", yamekwanguliwa kwa patasi na kupakwa chokaa.

Chini ya lango walisimama wapiga ngoma, na mbele yao mzee mwenye joho jekundu. Huyo alikuwa Mpokezi Mkuu wa nchi, jina lake Mzee Yuaja. Watamani huwapa watoto wao majina ya namna hiyo, ya watu walio njiani. Subilaga alipiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee akarudi nyuma kama aliyemwagiwa maji. "Hapana, hapana! Usituvunjie sheria. Kwetu mgeni ndiye mkubwa." Akainama, mvi zake zikakaribia magoti ya Subilaga. "Shikamoo, mgeni!"

Ngoma zikalia. Watu wakamvisha shada, wakambeba mabegani, na wanawake aliowazidi umri na waliomzidi umri wakampigia vigelegele. Alitaka kuwaambia kwamba hajaja kufanya lolote la ajabu, kwamba anamtafuta mumewe tu, lakini sauti yake haikusikika. Moyoni akasema, kumbe ndivyo walivyompokea na yeye. Ni nani angekumbuka kurudi?

Mzee Yuaja alimtembeza mjini akimweleza. "Umekuja wakati mzuri, mgeni wetu. Dirisha dogo liko wazi. Kesho klabu yetu, Ujio, inaamua kama tununue mchezaji au tusinunue."

Walipita mbele ya duka la mikate lililofungwa. Mwokaji alionekana ndani, ameketi kwenye gunia la unga, mikono mapajani.

"Anaumwa?" Subilaga akauliza.

"Ni mzima. Anangoja. Inasemekana huenda akaja mwokaji mwingine mwenye mkono mwepesi zaidi, sasa akioka leo atakuwa amejisumbua bure."

Darasani, kwenye shule iliyokuwa kando ya barabara, watoto walikuwa wamenyamaza mbele ya mwalimu aliyenyamaza. Mbele kidogo, bwana harusi mwenye suti alikaa kwenye ngazi za ofisi ya serikali. Mzee Yuaja alieleza kuwa sheria inakataza kufunga ndoa dirisha likiwa wazi, kwa kuwa hapajulikani ni nani bado yuko njiani. Bibi harusi naye alikuwa ameketi ngazi ya juu yake, akitazama lango.

"Na wewe, baba, kazi yako ni hii tu, kupokea?"

"Maisha yangu yote. Mke wangu hunung'unika kwamba nyumbani sionekani. Nikamwambia, mama, ungekuwa unakuja kutoka mbali ungeniona kila siku."

Alisema hivyo bila kucheka. Akamfikisha Subilaga nyumbani kwake, ambako wageni wote hulala, akaelekea langoni tena kabla hata mgeni hajakaribishwa maji.

Mkewe, Bi Tazamia, alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya upole, na meza yake ilikuwa na sahani mbili, moja imefunikwa. Subilaga hakuhitaji kuuliza hiyo iliyofunikwa ni ya nani. Walipokwisha kula akamwuliza lile lililomleta.

"Bibi, yuko hapa mchezaji anaitwa Ambakisye?"

Bi Tazamia alikunja uso akitafuta. Kisha uso ukachangamka. "Yule winga! Mama wee, siku aliyofika! Mimi mwenyewe nililia. Nilimgusa mkono, sikunawa mpaka kesho yake. Kulikuwa na watu juu ya mapaa. Watoto waliozaliwa wiki ile nusu yao..."

"Yuko wapi sasa?"

"Sasa?" Alishangaa, kama aliyeulizwa ulipo moshi wa jana. "Si alishafika, mwanangu. Aliyekwisha kufika hana habari."

Akamweleza, na alieleza kwa huruma. Utamani ina methali mbili zilizofanywa sheria. Ya kwanza ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mchezaji anayenunuliwa hucheza mechi mbili huku nchi nzima ikimwimba. Akiwashangaza kwa mabao, basi atasubiriwa afanye makubwa zaidi. Akicheza kama binadamu, mechi ya tatu hukabidhiwa jembe, akapalilie uwanja. Ambakisye hakucheza vibaya. Aligonga mwamba mara mbili.

"Na hakuna anayesema kwamba mbona tunaye winga tayari?"

Bi Tazamia alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Ipo methali ya zamani. Tumekatazwa kuisema. Usiache mbachao kwa msala upitao." Akaitamka haraka, kama mtu anayetema kokwa, akaanza kukusanya vyombo. Ile sahani iliyofunikwa aliiacha mezani.

Mchana huo huo Subilaga alimkuta Ambakisye uwanjani, upande wa kushoto, kwenye kona. Alikuwa ameinama na jembe, anang'oa ndago zilizoota kwenye mstari wa chokaa. Amekonda mabega. Subilaga alisimama nyuma yake akashindwa kulitamka jina alilokuwa amelitamka kila siku kwa miaka yote hiyo, akabaki na salamu ya kwao tu, ile ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana.

"Ugonile."

Jembe likasimama hewani. Hakugeuka mara moja. "Ndaga," akaitikia, kwa sauti ya mtu anayejibu ndoto. Kisha akageuka.

Hawakukumbatiana, maana kwao watu hawakumbatiani mchana peupe, lakini Ambakisye alimshika viganja, akavigeuza na kuvitazama kana kwamba alikuwa amemwachia kitu humo.

"Mtoto?" akauliza.

"Wa kike. Tusekile."

"Anatembea?"

"Anakimbia. Mguu wa kushoto ndio unaotangulia."

Ambakisye akacheka, kisha kicheko kikamgeuka, akaketi chini kwenye nyasi. Subilaga akaketi kando yake. Majani ya ndago yalikuwa yakinyauka kwenye jua mbele yao.

"Kwa nini uliacha kupiga simu?"

"Ningesema nini, Mama Tuse? Kwamba napalilia?"

"Ungesema unapalilia. Kwetu nani halimi?"

Ambakisye aling'oa ndago iliyokuwa karibu na kiatu chake.

"Wamekufunga?" akauliza Subilaga. "Wamekuzuia kutoka?"

"Hapana. Lango liko wazi siku zote. Walinzi wake wanatazama nje, kwa wanaoingia, anayetoka hawamwoni." Aliokota kipande cha udongo akakiponda. "Mimi ndiye sikuweza. Kila asubuhi najisemea, kesho watanipanga. Mechi moja tu, nimalize kile nilichokuja kufanya. Sasa yule winga wao mpya ameumia goti. Kocha ameniambia jana, kama hawatanunua dirisha hili hana mtu mwingine. Nitacheza Jumamosi."

"Na wakinunua?"

"Nafasi za wachezaji wa kigeni zimejaa. Akiingia mmoja lazima mmoja aachwe, na wa kuachwa ni mimi. Nitakwenda nyumbani nikitaka nisitake."

Moyo wa Subilaga uliruka kwa furaha, na akaona haya kwa furaha hiyo. Basi wanunue, akawaza. Mungu awape hamu ya kununua, wanunue hata kiwete.

"Twende sasa," akasema. "Leo hii. Hivyo hivyo ulivyo."

Ambakisye alitazama goli lililokuwa mbali, jeupe, bila wavu. "Nikienda hivi utakuwa umechukua gunia tupu, mama. Mimi nitabaki hapa."

"Mimi sikuolewa na mechi, Ambakisye."

"Najua."

"Nimelala upande mmoja wa kitanda miaka yote hii."

"Najua," akarudia, kwa sauti ndogo. Akainuka akaokota jembe lake.

Kesho yake asubuhi Watamani wote walijaa uwanjani. Upande wa mashariki walikaa Wanunuzi, upande wa magharibi Wangojaji. Katikati, juu ya jukwaa la mbao, alisimama mwenyekiti wa klabu ambaye pia ni Waziri wa Tetesi, Mheshimiwa Nasikia, mtu mwembamba mwenye tabia ya kutega sikio hata anapozungumza mwenyewe.

Alianza msemaji wa Wanunuzi. "Ndugu wanachama, tuko nafasi ya tatu. Mabao hatufungi. Pembeni kushoto pamekufa. Mnatuambia tusubiri mpaka msimu uishe? Nyumba inavuja masika hii, ninyi mnataka kuezeka kiangazi! Ngojangoja huumiza matumbo!"

Upande wake ukatikisika kwa nderemo. Akasimama mzee wa Wangojaji, akangoja watulie, na katika kungoja alikuwa hodari.

"Dirisha dogo ni soko la jioni," alisema. "Nyanya utakazozikuta zimekwisha kubonyezwa na kila mtu. Klabu gani yenye akili itamwuza mchezaji wake mzuri ligi ikiwa nusu? Watatuuzia majeruhi na watovu wa nidhamu. Na hata akiwa mzuri, atawajua wenzake lini? Atakapozoea pasi za kiungo wetu, ligi itakuwa imekwisha. Subira yavuta heri."

Subilaga, aliyekuwa ameketishwa mbele kwenye kiti cha wageni, akajikuta anatikisa kichwa kukubali. Haya maneno yana akili, akawaza. Bila shaka sasa atasema tuwachezeshe tulio nao.

"Kwa hiyo," mzee akamalizia, "tusinunue sasa. Tungoje dirisha kubwa, tununue kumi!"

Upande wa magharibi ukalipuka kwa shangwe. Mabishano yakaendelea mpaka jua likapanda utosini. Mmoja wa Wanunuzi alisema kijana fulani wa ng'ambo ana kasi ya kumpita swala. Mngojaji akajibu kwamba yupo mwingine mwenye kasi zaidi ila hajazaliwa. Winga aliyepo hakutajwa na yeyote. Alikuwa amesimama kwenye kona yake na jembe, mita chache kutoka kwa watu waliokuwa wakilia kwamba pembeni kushoto hapana mtu.

Ikapigwa kura. Zikalingana, kama zinavyolingana kila msimu, kwa sababu Watamani hurithi upande kutoka kwa baba zao. Mheshimiwa Nasikia akatega sikio, akainua mkono.

"Sheria yetu inajulikana. Wenyeji wakishindwa, mgeni huponya. Anaamua mgeni mpya kuliko wote, kwa neno lake, nasi hatutauliza sababu." Akamgeukia Subilaga na kuinama. "Shikamoo, mgeni. Tununue, au tusinunue?"

Watu wote wakamgeukia. Hakuna aliyejua ni mke wa nani, kwani wachezaji wanaponunuliwa hapaulizwi wameacha nini nyuma.

Subilaga alisimama. Neno alikuwa nalo tangu jana, limemkaa ulimini kama punje ya sukari. Nunueni. Aseme hivyo, na kabla ya jua kutua angekuwa njiani na mumewe. Alikwisha kuiona njia, na kichwa cha Tusekile kikichungulia mlangoni. Hakuna ambaye angemdhulumu. Mke kumtaka mumewe si dhambi.

Akamtazama Ambakisye mara moja, apate nguvu ya kusema. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ule mstari wa chokaa mbele ya miguu yake, na mguu wa kushoto, ndani ya kiatu kilichochanika, ulikuwa unasogea polepole kuusukuma mpira usiokuwapo. Subilaga aliujua mguu ule. Na akaona, wazi kama mtu anavyoona jiwe chini ya maji ya mto, nyumba yake ya Mwakaleli jioni, mume ameketi mezani, uji umewekwa mbele yake, na masikio yake yapo huku. Angekuwa amepata mtu wa kulala upande wa pili wa kitanda, halafu akaendelea kumngoja.

"Msinunue," akasema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Msinunue. Mchezesheni mliye naye."

Maneno ya mwisho hayakusikika. Wangojaji walikwisha kuanza kucheza ngoma, na Wanunuzi wakalia kama waliofiwa. Mheshimiwa Nasikia aliinua tena mkono, uso umemng'aa. "Mmemsikia mgeni! Amesema tusinunue. Kwa nini aseme hivyo? Ni kwa sababu anajua yupo mkubwa zaidi anayekuja!" Basi na Wanunuzi nao wakaanza kucheza.

Siku ya tatu Subilaga alikabidhiwa jembe. Hakuna aliyemsalimia tena barabarani, na watu waliombeba mabegani walipishana naye kama wanavyopishana na ukuta. Hakujali. Alipalilia mstari wa kushoto pamoja na mumewe tangu asubuhi mpaka jua lilipolegea, na kazi ya mikono ikawafungua vinywa. Alimsimulia Tusekile alivyokula udongo, alivyomwita mbuzi shangazi. Ambakisye alisimamisha jembe kila mara kusikiliza. Bi Tazamia aliwaachia chumba cha nyuma. Lakini kila mara Jumamosi ilipotajwa, Subilaga alijiuliza. Akicheza vizuri mno, je? Wakianza kumwimba upya?

Jumamosi ikafika. Wageni waliocheza na Ujio walikuwa watu wa ng'ambo ya kilima, wachezaji wanaofahamiana tangu utotoni. Uwanja ulijaa pomoni. Ambakisye aliingia na jezi iliyokuwa ya mwingine, na alipogusa mpira wa kwanza Subilaga aliuma kanga yake.

Kipindi cha kwanza alikuwa mzito. Miguu ilikuwa imezoea kusimama. Cha pili kilipoanza, vipaza sauti vikakwaruza, na sauti ya Mheshimiwa Nasikia ikasema: "Nasikia ameonekana mtu njiani. Narudia, nasikia. Ana begi."

Jukwaa la mashariki likainuka, halafu la magharibi. Watu walikanyagana wakikimbilia langoni; Mzee Yuaja alitangulia, joho likipepea. Subilaga alimshika mkono mzee mmoja wa Wangojaji aliyekuwa akipita. "Baba, si mliamua kutonunua?"

"Tuliamua kutonunua," mzee akajibu akihema. "Hatukuamua kutotamani."

Uwanja ukabaki na wachezaji, mwamuzi, Subilaga, na Bi Tazamia ambaye miguu yake haikumruhusu kukimbia. Hapo ndipo mpira ulipomfikia Ambakisye pembeni kushoto. Aliutuliza. Beki wa kwanza akaenda upande alioambiwa na bega la Ambakisye, wa pili akaachwa ameketi. Akautembeza ukingoni kabisa mwa chokaa, juu ya ardhi aliyoipalilia mwenyewe, kichwa juu, kama wakati ule ambapo watu waliacha kutafuna miwa. Akampita wa tatu. Akapiga krosi ya chini, laini, iliyopita mbele ya kipa na kusimama kana kwamba inaomba kuguswa tu. Mshambuliaji wa Ujio hakuigusa. Alikuwa amegeuza shingo kutazama langoni, akihofu kwamba anayekuja amekuja kuchukua namba yake. Mpira ukapita goli zima ukatoka nje.

Ambakisye alisimama, mikono kiunoni. Subilaga aliogopa kumtazama usoni. Kisha akamsikia. Alikuwa anacheka, kichwa kimerushwa nyuma.

Mechi iliisha bila bao. Alikuja mpaka kwenye uzio, jasho likimchuruzika.

"Umeiona ile?"

"Nimeiona."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana, Baba Tuse."

Alivua jezi, akaikunja, akaiweka kwenye benchi. "Basi twende nyumbani."

Bi Tazamia alikuwa amesimama nyuma yao. Ghafla akawaambia wamsubiri, akaenda nyumbani kwa miguu yake mizito, akarudi na begi dogo. "Natoka nanyi mpaka kwenye kona ya barabara," akasema. "Halafu nitarudi. Nataka mume wangu anipokee."

Walipita langoni katikati ya umati. Hakuna aliyewaona, macho yote yalikuwa juu ya vichwa vyao, yakitazama barabara tupu. Mtu mmoja alimwomba Ambakisye asogee, anamzibia. Kwenye kona Bi Tazamia aliwashika mikono wote wawili, akajifunga ushungi vizuri, akageuka na kuanza kurudi polepole, begi begani. Walikuwa wamekwenda hatua kidogo tu ngoma zilipolipuka nyuma yao, na sauti ya Mzee Yuaja ikapaa juu ya ngoma zote: "Shikamoo, mgeni!"

Ambakisye alisimama. Aligeuza kichwa kuzisikiliza ngoma zile, na akazisikiliza kwa muda mrefu. Subilaga hakumvuta. Alisimama kando yake mpaka aliposikia hatua zake zinaanza tena, zikielekea upande wa nyumbani.

Walifika Mwakaleli asubuhi ya ukungu. Tusekile alikuwa mlangoni na bibi yake. Alimrukia mama yake, akamkumbatia shingo, kisha akamtazama mtu mwembamba aliyesimama nyuma, mwenye ndevu na kiatu kilichochanika. Akachungulia nyuma ya mtu huyo, barabarani.

"Na baba?" akauliza.

"Ndiye huyu," mama yake akamwambia.

Mtoto akamtazama tena, kwa adabu, akatikisa kichwa. Baba aliyemjua yeye alikuwa mrefu kuliko mgomba. Akashuka, akaenda kusimama barabarani kungoja. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa. Hakumwogopa yule mtu. Alikula naye, alimwonyesha mbuzi. Lakini ukungu ukipungua tu, alitoka kwenda kumngoja baba yake, na Subilaga, akiwa jikoni, alilia kwa sababu maneno yote yaliyomjenga yule baba wa barabarani yalikuwa yake.

Siku moja Ambakisye alimfuata mtoto. Akasimama kando yake, akatazama alikokuwa akitazama.

"Tunamngoja nani?"

"Baba."

"Anachelewa?"

"Ndiyo."

"Basi tumngoje wote," akasema, akachuchumaa.

Walingoja. Tusekile alimweleza baba yake alivyo, naye akasikiliza kila neno, akauliza anacheka vipi, anakimbia vipi, na mtoto akamwonyesha, mguu wa kushoto mbele. Mvua ikaja bila kubisha hodi, ile mvua ya Mwakaleli ya matone makubwa. Tusekile alitazama barabara mara moja zaidi. Kisha akamnyooshea mtu yule mikono yote miwili, naye akambeba, akamfunika kwa shati lake, wakakimbia kurudi nyumbani.